Anayeweza Kuondoka, Akabaki

Kila Desemba, wachezaji wa besiboli wa Marekani wanapoanza kusaini mikataba mipya, nyumbani kwetu hapa St. Louis hakukaliki. Baba watoto, mzaliwa wa Tanga na shabiki wa Coastal Union, ana hukumu yake ile ile: "Wachezaji wa siku hizi hawana mapenzi na timu. Pesa tu!" Desemba 2024, Juan Soto aliposaini na New York Mets dola milioni 765 kwa miaka 15, alishika kichwa.

Mimi simkubalii. Nimezaliwa mji huu, na Cardinals nimeipenda tangu sijajua kusoma. Baba yangu, aliyekuja kutoka Mombasa kutafuta elimu, ndiye aliyenifundisha mchezo huu, redio ikiwa katikati yetu. Na ndiye aliyenisimulia habari za Curt Flood.

Flood alichezea Cardinals misimu 12, akatwaa nayo ubingwa mwaka 1964 na 1967. Mwaka 1969 alikuwa analipwa dola 90,000, si haba kabisa kwa wakati ule. Oktoba mwaka huo klabu ikampeleka Philadelphia bila hata kumuuliza. Ndivyo mikataba ilivyokuwa: ikiisha, klabu inaiongeza yenyewe, mwaka baada ya mwaka. Mchezaji ama aende anakopelekwa, ama aache mpira.

Flood akagoma, akaenda mahakamani. Msimu mzima wa 1970 hakucheza. Mwaka 1971 alijaribu tena Washington, akacheza mechi 13 tu, basi. Mwaka 1972 akashindwa kesi katika mahakama ya juu kabisa ya Marekani, majaji 5 kwa 3. Haki aliyoidai waliipata wenzake: Desemba 1975 msuluhishi aliwapa ushindi wachezaji wengine wawili, na mlango ukafunguka. Leo mchezaji akitimiza misimu 6 katika ligi kuu na mkataba ukaisha, anakwenda anakotaka.

Ndipo zilipotoka hizi pesa za kushangaza. Msimu wa 2025 ulipoanza, wastani wa mshahara ulizidi dola milioni 5. Lakini jamani, pesa za viingilio, televisheni na jezi zinaingia kila siku. Suala ni mwenye klabu abaki na ngapi, na anayetoa jasho apate ngapi.

Sasa niambie, msomaji: yale "mapenzi" ya zamani yalikuwa mapenzi kweli, au mtu alikuwa amefungiwa mlango?

Mtazame Albert Pujols. Oktoba 2011 aliipa Cardinals ubingwa, Desemba akahamia Angels kwa dola milioni 240, miaka 10. Mji ulinuna. Lakini Juni 2019, alipokuja uwanjani kwetu na jezi ya wenzetu, watu walisimama wakampigia makofi kama mtoto wa nyumbani. Mwaka 2022, akiwa na miaka 42, akarudi mwenyewe kwa mkataba wa mwaka mmoja, dola milioni 2.5. Hakuna aliyemlazimisha. Septemba ile akafikisha hom rani ya 700, na akastaafu akiwa na 703.

Kwangu mimi, mwaka ule mmoja una uzito kuliko misimu yote 12 ambayo Flood alibaki kwa sababu hakuwa na njia nyingine.

Nina shoga yangu ambaye mumewe hujisifu mbele za watu kwamba mkewe hajawahi hata kutishia kuondoka. Ataondokaje? Kazi aliachishwa, akaunti hana, kadi ya benki iko mfukoni mwa mume. Watu wanaita ndoa tulivu. Mimi nikimtazama, namwona Flood.

Waswahili wanasema mapenzi hayalazimishwi. Kama unataka kujua mwenzio anakupenda kiasi gani, mwache awe na kazi yake, pesa yake na marafiki zake. Mpe kila kinachomwezesha kuondoka. Halafu jioni usikilize mlango. Akiufungua na kuingia, ujue amekuchagua.