Mchinjaji wa Krismasi

Sisi tuliozaliwa chini ya Milima ya Matogoro, uanzapo Mto Ruvuma, tulizijua dini mbili kabla ya kujua kusoma. Baba yetu alikuwa Mkatoliki, kwani Wabenediktini wako Peramiho tangu mwaka 1898. Kaka yake, baba yetu mkubwa, alikuwa Mwislamu. Ukoo ulikuwa mmoja, na lizombe tulilicheza uwanja mmoja.

Kila Krismasi mbuzi hakuguswa mpaka baba mkubwa awasili na kisu chake. Alimwelekeza mnyama kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. Pasipo mkono wake nusu ya ukoo isingekula. Siku ya Idi zamu ilikuwa yetu kwenda kwake.

Mwaka mmoja kijana wetu, aliyetoka masomoni, aliuliza kwa nini nyama ya Krismasi ichinjwe na Mwislamu. Baba alinyamaza. Mama ndiye aliyemjibu: “Na wewe ukifa, mwanangu, kaburi lako litachimbwa na Wakristo peke yao?” Kisha akamkumbusha mashujaa wa Majimaji walionyongwa hapo Songea tarehe 27 Februari 1906: baadhi walibatizwa kabla ya kitanzi, wengine hawakubatizwa, na wamelala kaburi moja.

Baba mkubwa alipofariki, wengi walioshika majembe walikuwa watu wa kanisani. Dua iliposomwa tulisimama nyuma, tukaitikia amina. Yule kijana alikuwa amechimba tangu alfajiri, nguo zote udongo.

Krismasi iliyofuata, mtoto wa marehemu ndiye aliyekuja na kisu.