Mangobo: «Ndani kuna nani?»

KISANGANI. Saa kumi na moja jioni, vijana watatu hukaa kwenye benchi la kibanda cha kuchajia telefone, komini ya Mangobo. Telefone ni moja, kioo kimepasuka, na wanacheza kwa zamu. Mchezo wenyewe hauli mega: kikosi kidogo cha polisi kinaingia nyumba iliyotekwa na majambazi.

Nyumba inaonekana ubavuni, ghorofa juu ya ghorofa, lakini chumba ambacho mlango wake haujafunguliwa kinabaki giza. Mchezaji anachagua askari: mwenye ngao huenda polepole, mwenye bunduki kubwa huvunja mlango kwa risasi moja. Anaweza kupiga teke, kutupa bomu la mwanga, au kungoja. Risasi zikiisha, kujaza bunduki kunachukua muda. Mateka akiuawa, kazi imeharibika, unaanza upya. Mdogo wao, wa miaka 15, ndiye mwepesi kuliko wote, na ndiye anayekufa zaidi mlangoni.

«Punguzeni sauti,» mwenye kibanda huwaambia. Wao humwita Baba. Anaziba pia matairi ya toleka, na kwa muda mrefu walidhani anaogopa kelele zitafukuza wateja.

Baba alikuwa Mangobo tarehe 14 Mei 2002. Asubuhi ile askari walioasi waliteka redio ya mji. Uasi ulizimwa upesi, kisha askari wa RCD-Goma wakaingia Mangobo nyumba kwa nyumba. Raia waliuawa. Askari na polisi walioshukiwa kuasi waliuawa kwenye daraja la Tshopo, miili ikatupwa mtoni. Baba alikuwa chini ya kitanda. Alisikia mlango wa jirani ukipigwa teke. Vijana hawa wote watatu walizaliwa baadaye.

Jumamosi moja mvua ilinyesha, hakuna toleka iliyosimama. Baba akaketi nao.

«Hawa waliofungwa mikono ni nani?»

«Mateka, Baba. Wanatungoja.»

«Wanangoja polisi?»

«Ndiyo. Tunakuja kuwaokoa.»

Akanyamaza kidogo, akaomba telefone. Askari wake alifika mlango wa kwanza, akasimama.

«Piga, Baba!»

«Ndani kuna nani?»

«Hatujui. Ndiyo maana unapiga.»

«Basi sipigi.»

Akazunguka kwa ngazi, akaingia kwa upande wa pili. Mateka alikuwa amepiga magoti nyuma ya mlango ule ule. Mdogo akashika kichwa: yeye angetumia ile bunduki kubwa. Baba hakusema neno. Alipokuwa akishuka na mateka, jambazi alitokea nyuma, akampiga risasi. Vijana wakacheka, naye akacheka, akarudisha telefone.

Ndipo akawasimulia habari ya kitanda, kwa ufupi, huku akitafuta gundi ya matairi. Mkubwa wao akauliza mlango wa jirani ulifunguliwa na nani. Baba akajibu kwamba hakumwona. Aliona viatu tu, kesho yake, vimebaki kizingitini.

Wangali wanacheza kila jioni. Mdogo bado anakufa mlangoni. Lakini sauti wanaipunguza wenyewe, kabla Baba hajasema.