Taa ya Bafuni

Watu wakisikia nilikuwa fundi umeme huniuliza habari za nguzo na transfoma. Kazi iliyonifunza zaidi ni ndogo: kuhamisha taa ya dari katika bafu dogo. Bafuni mtu hukutana na umeme akiwa amelowa, miguu mitupu, juu ya sakafu yenye maji. Ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi kuliko ngozi kavu, na umeme wetu wa majumbani ni volti 230.

Nakumbuka nyumba moja ya Tabata. Bafu lake halikuzidi mita mbili kwa moja na nusu, na taa ilikuwa karibu juu kabisa ya bomba la mvua. Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, aliniambia, "Fundi, nikisimama kwenye kioo uso siuoni, naona giza tu."

"Taa iko nyuma ya kichwa chako, Mwalimu," nikamjibu. "Tutaileta mbele, ikae kati yako na kioo."

Kabla ya kutoboa dari nilizima swichi, nikaipima holda. Ilikuwa na moto. Aliyefunga nyumba ile alipitisha nyutro kwenye swichi, na waya wa moto akaupeleka moja kwa moja kwenye taa. Ukizima, balbu inazimika, lakini holda inabaki na umeme wake wote, ikimsubiri mtu atakayepanda stuli kubadilisha balbu. Kosa hili nimelikuta katika nyumba nyingi, mpya na za zamani, na wenyewe wameishi nalo miaka bila kujua.

Nikazima saketi breka ya taa. Testa niliijaribu kwanza kwenye soketi iliyokuwa na umeme, kisha kwenye waya, kisha tena kwenye soketi, kwa sababu testa iliyokufa itakwambia kila waya ni salama. Waya wa zamani haukufika mahali papya. Njia ya mkato ni kuusokota na kipande kingine, kuzungusha tepu, na kufunika kwa jipsamu. Kiungo cha namna hiyo hulegea, hupata joto, na siku kikiungua hakuna anayeweza kukifikia bila kuvunja dari. Nilivuta waya mpya wa milimita 1.5 za mraba, pamoja na ethi, ndani ya bomba la plastiki, kutoka kwenye kisanduku cha viungo hadi kwenye taa bila kuukata. Hapo kisandukuni nikaurekebisha waya wa moto upite kwenye swichi.

Kanuni za kimataifa huhesabu eneo la hatari hadi mita 2.25 kutoka sakafuni, na sentimita 60 zaidi kando ya pale mtu anapoogea. Katika bafu dogo, sentimita hizo humaliza karibu chumba kizima. Ndiyo maana hata baada ya kuihamisha nilifunga taa ya kiwango cha IP44, inayohimili maji ya kurukia kutoka kila upande.

Vijana niliowafundisha niliwadai kipimo kimoja kabla ya drili kugusa dari: swichi imezimwa, je, holda ina moto? Ikiwa inao, taa haihami mpaka kosa hilo lirekebishwe, hata mwenye nyumba awe na haraka, hata pasiwe na malipo ya ziada.