Nguo kwa Mwenye Haja

Uwanda wa Dodoma uko juu, yapata meta 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake ni ya msimu mmoja tu, Desemba hata Aprili. Ikikatika mapema, mtama na uwele hukauka, wala hakuna cha kuuza ili kununua nguo. Kisha, Juni na Julai, huvuma upepo wa baridi.

Mwaka mmoja nalifuatana na watu waliopeleka nguo katika kijiji kimoja cha Wagogo. Mama mmoja alisimama mbali, asikaribie. Mzee wa kijiji akatuambia, "Wanangu, mpelekeeni kwake jioni. Aitwaye mbele za watu hupata nguo, akapoteza heshima." Tukafanya hivyo. Katika mzigo wote yule mama alichagua sare moja ya shule, akasema, "Mwanangu hukaa nyumbani kwa ajili ya hii."

Ada ya shule za msingi za serikali ilikwisha kuondolewa, lakini sare hununuliwa na mzazi. Basi, msomaji, ukitaka kutoa nguo, kwanza uifue, ushone palipochanika, kisha uitoe pasipo kelele. Nguo husitiri mwili; mtoaji mwema husitiri na aibu.