Gede: Nyumba ya Mkasi na Daftari la Wajukuu



Wasomaji wangu watukufu, safari ninayowasimulia leo si ndefu. Haikuvuka bahari wala mpaka. Ilianza Mombasa baada ya swala ya alfajiri, ikamalizika Mombasa kabla ya adhana ya isha. Hata hivyo, katika umri wangu huu wa miaka hamsini na kitu, ni safari chache zilizonirekebisha kama hii ya Gede.

Nilifuatana na binti yangu na wanawe watatu. Binti yangu anaishi na mumewe Uingereza, katika mji wa Birmingham, na mwezi wa Agosti, kusi ikivuma, alikuja kututembelea kwa majuma sita. Mwanawe mkubwa ni mvulana wa miaka tisa, wa kati ni msichana wa miaka saba, na kitindamimba, mvulana pia, ana miaka minne. Watoto hao hawaendi shule. Mama yao huwasomesha nyumbani. Huko waliko jambo hilo si kosa. Sheria ya Elimu ya Uingereza ya mwaka 1996 inamtaka mzazi ahakikishe kuwa mwanawe anapata elimu inayomfaa, ama shuleni ama kwa njia nyingine. Wao wameishika hiyo njia nyingine.

Habari hiyo iliponifikia miaka miwili iliyopita, nakiri mbele yenu kuwa sikuipokea vyema. Mimi ni mtu wa chuo. Nilikulia juu ya mikeka ya madrasa, na juu ya mikeka hiyo nimefundisha watoto wa watu kwa miaka mingi. Nilimpigia simu binti yangu nikamwambia, "Mwanangu, elimu haisomwi jikoni." Hakunijibu ubishi. Alisema tu, "Inshallah kheri, Baba," akanitakia usiku mwema. Tangu usiku ule tulizungumza juu ya kila jambo isipokuwa hilo.

Basi walipofika, nilikaa kando nikatazama. Kila asubuhi, baada ya chai na mahamri, meza yetu ya kulia iligeuka darasa. Kwanza ilisomwa Qurani, kisha hesabu, kisha kikao ambacho watoto walikingojea kuliko vyote: daftari la kumbukumbu. Kila mtoto ana lake, kubwa, la karatasi nzito. Humo hubandika vitu walivyoviokota katika siku zao, na chini ya kila kitu huandika tarehe na sentensi mbili, moja ya Kiingereza na moja ya Kiswahili. Niliona jani la mkungu lililokaushwa baina ya vitabu, karatasi iliyofungiwa vitumbua, ramani ya njia ya kwenda Marikiti waliyoichora wenyewe, na kipande cha kanga kuukuu ya bibi yao. Kuhusu picha za watu, wanavyuoni wana kauli zao na sitaki kuzifungua hapa. Madaftari yale yalikuwa ya vitu, si ya nyuso.

Msidhani kuwa yote yalikuwa asali. Gundi ilimwagika juu ya mkeka wa bibi yao, naye akasema aliyoyasema. Kitindamimba alipata mkasi akakata pindo la pazia. Siku moja, saa tano asubuhi, nilimkuta binti yangu jikoni amejifuta macho kwa ncha ya mtandio. Aliponiona aliniambia, "Baba, kuna siku hatusomi hata ukurasa mmoja. Mdogo analia, mkubwa amenuna, na wali unaungua." Ningeweza kusema neno la kumliwaza wakati ule. Sikusema. Nilihofia kwamba neno lolote lingefungua mlango wa ile simu.

Jumamosi iliyofuata aliniomba niwachukue Gede. "Wanasoma historia ya kwao," aliniambia, "na mimi sitaki waisome kwa picha."

Tulipanda matatu ya Malindi. Tulivuka daraja la Nyali, tukapita Mtwapa na Kikambala, na huko Vipingo watoto wakashangaa mashamba ya mkonge yaliyonyooka kama safu za swala. Katika daraja la Kilifi nilimwambia mkubwa kuwa nilipokuwa kijana hapakuwa na daraja. Tulivuka hori lile kwa kivuko, na foleni ya magari ilimpa mtu nafasi ya kula korosho nusu ratili. Mama yao alinunua korosho, na ile karatasi iliyozungushwa kama pia ikakunjuliwa na kuhifadhiwa katika mkoba wa daftari. Baada ya Matsangoni tulikuwa na msitu wa Arabuko-Sokoke upande wetu wa kushoto, na haukupita muda tukateremka kwenye njia panda ya Watamu. Kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu.

Gede ni mji wa Waislamu wa pwani uliomezwa na miti. Ulianza yapata karne ya 12, ukanawiri katika karne ya 15, na katika karne ya 17 ulikuwa umekwisha kuhamwa. Wataalamu wametaja maji ya visima kushuka, na vita, na watu kuhama. Uchimbaji mkubwa ulianza mwaka 1948 chini ya James Kirkman, na Julai 2024 UNESCO iliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia. Lakini orodha haikuandai kwa kile kimya. Miti imeota juu ya kuta za mawe na chokaa, kima wanaruka juu ya ukumbi wa wafalme, na ukisimama mbele ya mihrabu ya Msikiti Mkubwa, ambayo ingali inaelekea kibla, unajikuta umenyamaza bila kuambiwa. Pembeni mwa msikiti kuna kisima na birika la maji ya udhu. Msichana aliniuliza, "Babu, walikuwa wakitia udhu kama sisi?" Nikamwambia, "Kama sisi, mama. Mkono wa kulia kwanza." Akaliandika hilo.

Karibu na lango lipo kaburi lenye tarehe. Mwaka ulioandikwa juu yake ni 802 wa Hijria, na kibao kinasema ni sawa na 1399 Miladia. Mjukuu wangu mkubwa alitoa penseli. Alijua kuwa Hijra ilikuwa mwaka 622, akajumlisha 802 na 622, akapata 1424. "Kibao kimekosea, Babu," alisema kwa hofu kidogo, kama mtoto aliyezoea kuambiwa kuwa amekosea yeye.

Zamani, darasani mwangu, ningempa jibu ili tuendelee na somo. Pale kaburini hakukuwa na kengele wala watoto wengine arobaini wanaongoja. Nilimuuliza mwezi wa Ramadhani ulianza lini mwaka jana, na mwaka huu ulianza lini. Akafikiri. "Umerudi nyuma siku kama kumi na moja." Nikamuuliza, "Basi mwaka wetu ni mfupi au mrefu kuliko wao?" Tuliketi juu ya jiwe. Alihesabu kuwa siku hizo kumi na moja zikikusanyika hufika mwaka mzima katika miaka kama 33. Akagawa 802 kwa 33, akapata 24 na masalio. Akaondoa 24 katika 802, zikabaki 778; akajumlisha 622, akapata 1400. Kisha akanyanyua uso: "Imebaki tofauti ya mwaka mmoja." Nikamweleza kuwa mwaka 802 ulianza ndani ya 1399 ukamalizikia ndani ya 1400, kwa hiyo yeye na kibao wote wamesema kweli. Wallahi sijapata kuona mtoto akifurahia kugawanya namna ile. Nami nimefundisha miezi ya Kiislamu kwa chaki miaka mingi, na sikumbuki mwanafunzi aliyeniuliza ni kwa nini Ramadhani inatembea.

Tuliingia katika nyumba za mji. Hapa, ndugu zangu, ndipo nilipofundishwa mimi. Waliofukua Gede hawakuyajua majina ya waliokaa humo. Wakazipa nyumba majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko Nyumba ya Simbi, iko Nyumba ya Taa ya Chuma, iko Nyumba ya Bakuli la Kauri, na iko Nyumba ya Mkasi. Tajiri wa nyumba hiyo huenda alikuwa na majahazi na watumishi; leo hatujui hata jina lake. Kilichobaki kumtambulisha ni mkasi, chombo ambacho bila shaka mke wake alikitafuta siku moja asikione, akawauliza watoto.

Msichana alifungua mkoba, akatoa mkasi wake mdogo wa kukatia karatasi, akautazama. "Babu," akasema, "nyumba yetu wataiitaje?"

Nilitaka kumjibu kwa mzaha. Lakini niliona mbele yangu jiko la mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sina picha yake wala mwandiko wake. Ukiniuliza nyumba yetu ingeitwaje, ningesema Nyumba ya Mbuzi, ile mbuzi ya kukunia nazi. Kabla sijapelekwa chuoni nilikuwa nimekwisha kuzijua herufi, na aliyenifunza ni yeye, akiwa amekaa juu ya mbuzi hiyo. Alitandaza unga wa mchele katika ungo, akachora alifu kwa kidole, nami nikachora yangu pembeni. Nikikosea alifuta kwa kiganja, bila ya neno, tukaanza tena. Mwalimu wa chuo alinikuta tayari, akasifiwa yeye. Mama alirudi kwenye nazi zake.

Miaka hamsini baadaye, mwana wa mama yule akanyanyua simu na kumwambia binti yake kuwa elimu haisomwi jikoni.

Binti yangu alikuwa amesimama kizingitini, anamtazama mdogo asipande ukutani. Nilimwendea. Nilimwambia, "Mwanangu, nilikwambia neno baya katika simu, nalo halikuwa kweli. Mimi mwenyewe nilisomeshwa jikoni." Aliinama, akacheka na macho yamejaa. "Nilijua, Baba," alisema. "Bibi alinisimulia habari za ule ungo nilipokuwa mdogo. Ndiyo nilikotoa fikra hii." Akaniomba radhi yeye, eti kwa kunificha. Radhi gani jamani, na mkosa ni mimi?

Langoni, wakati wa kutoka, mfuko wa kitindamimba ulionekana mzito. Ndani mlikuwa na kigae cha chungu. Kwa miaka yake minne aliona kuwa daftari ni daftari, na kila kitu hubandikwa. Mama yake hakumgombeza. Alimwambia kuwa kigae kile ni amana ya watu wote, na kwamba mtu hachukui kitu cha nyumba ya wenyewe, hata kama wenyewe wameondoka. Tulirudi wote watano hadi ukutani, akakilaza mahali alipokitoa. Kisha mama yake akampa penseli akichore. Mchoro ule, unaofanana zaidi na samaki, sasa uko katika daftari lake, na chini yake kaka yake amemwandikia: "Nimekirudisha."

Akina mama na akina baba, sikuandika haya ili mwatoe watoto shuleni. Hapa kwetu Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ampeleke mwanawe shule, na chuo kina baraka zake ambazo nyumba peke yake haiwezi kuzitoa. Lakini tumeikabidhi shule na madrasa kazi yote, kisha tukaiachia nyumba kulisha na kufua tu. Neno la kwanza la wahyi lilikuwa amri ya kusoma, nalo halikushushwa darasani. Qurani vilevile inatuhimiza kutembea katika ardhi na kuangalia mwisho wa waliotutangulia. Gede iko karibu. Fort Jesus iko karibu zaidi. Na aliye mbali na vyote hivyo ana jiko.

Nunueni daftari moja, gundi na mkasi. Jumamosi moja kwa mwezi, kaeni na watoto mbandike vitu vya siku zao, muandike tarehe ya Hijria na ya Miladia. Waambieni ni nani aliyewafunza herufi ya kwanza. Kama mama huyo yu hai, mwendeeni leo. Na anayewasomesha wanawe nyumbani, hata kwa saa moja jioni huku wali ukiungua, asitoke mtu kumvunja moyo kama nilivyofanya mimi.

Wajukuu wangu wamesharudi Birmingham. Daftari moja waliniachia. Ukurasa wa kwanza wamebandika kichwa cha habari kilichokatwa kwa mkono wa mtoto, herufi zimepinda: Nyumba ya Mbuzi. Chini yake wameacha nafasi nijaze mimi. Nimeanza na ungo wa mama.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape subira mama zetu wanaolea, na azijaalie nyumba zetu nuru ya elimu. Amin.

Wassalaam.