Chumbe: Kisiwa Chenye Ushahidi



Kusini magharibi ya mji wa Unguja, mwendo mfupi wa mashua kutoka Mbweni, kiko kisiwa kidogo cha matumbawe kiitwacho Chumbe. Alama yake ya kwanza machoni pa msafiri ni mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, na karibu yake pana msikiti mdogo wa zamani, uliowahudumia watunzaji wa taa ile na jamaa zao. Tangu mwaka 1994 mwamba wa upande wa magharibi umekuwa hifadhi ya bahari, wala haruhusiwi mtu kuvua humo. Gharama za ulinzi hutokana na wageni, ambao nyumba zao ni saba tu, zilizoezekwa kwa makuti.

Kisiwa hakina maji matamu ya kuchota. Paa la kila nyumba hukinga mvua, maji yakateremka katika birika lililo chini. Maji yaliyokwisha kuogewa hupitishwa katika kitalu cha kokoto na mimea ili yasiende baharini na uchafu wake. Vyoo havivutwi kwa maji. Kinyesi huachwa kioze kikawa mboji. Umeme ni wa jua, na usiku mgeni hutembea kwa tochi.

Ndugu wasomaji, hoteli nyingi za mwambao humwekea mgeni kikaratasi chumbani kumwomba atumie taulo moja kwa siku mbili, ili mazingira yahifadhiwe. Ombi hilo ni jema, ila uzito wake ni upi? Uchunguzi wa shirika la Tourism Concern, uliotolewa mwaka 2012 juu ya vijiji vya Unguja kama Nungwi na Kiwengwa, ulionyesha kuwa nyumba ya mwanakijiji ilitumia wastani wa lita 93 za maji kwa siku, ilhali chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kiliweza kufikia lita 3,195. Taulo haliwezi kuifunika tofauti hiyo. Maji yakivutwa kupita kiasi katika ardhi ya mawe ya matumbawe, bahari hujipenyeza mahali pake, na mama wa kijijini ndiye anayeteka ndoo ya maji ya chumvi.

Katika fiqhi, mwenye kudai ndiye atakiwaye kuleta ushahidi. Kanuni hii haikuishia mahakamani kwa kadhi. Hoteli inayodai kwamba yahifadhi mazingira imetoa dai, nasi tuna haki ya kuuliza bayana yake. Na kipimo kipunjwacho ni dhuluma, kiwe cha mchele au cha maneno.

Hapa ndipo Chumbe ina la kufundisha. Walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi wa vijiji vya jirani. Huzunguka bila silaha, wakamweleza mvuvi mwenzao sababu ya katazo, na wakaandika yale waliyoyaona. Mipango ya usimamizi imeandikwa na kutolewa hadharani. Watoto wa skuli hupelekwa kuiona bahari kwa macho yao. Joto la maji lilipopauisha matumbawe mwaka 2016, habari hiyo nayo ilielezwa. Anayesema jema lake na lililomharibikia huaminiwa zaidi.

Wahenga wamesema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini siku hizi kibaya chajitembeza kwa picha za kupendeza, na kizuri kikinyamaza hakijulikani. Kwa hiyo mwenye kutenda wema huu na aueleze, kwa hesabu inayoweza kukaguliwa. Kwetu Kenya, shirika la Ecotourism Kenya limekuwa likizipima hoteli tangu mwaka 2002 kwa daraja za shaba, fedha na dhahabu.

Basi familia ikienda kupumzika Diani au Watamu, au binti akiajiriwa hotelini, tuulize kwa adabu: maji mwayatoa wapi, na kiasi gani kwa kila mgeni? Maji machafu yaishia wapi? Wafanyakazi wangapi ni wa kijiji hiki? Na ni nani, asiyekuwa nyinyi, aliyeyakagua haya? Meneja mwenye majibu atafurahi kuulizwa. Asiyekuwa nayo atajua kuwa wateja wake wameanza kutaka ushahidi.