Kiswahili cha Ukubwani

Sisi tulioanza shule Tanzania katika miaka ya 1970 tuliishi na watu wazima wa aina mbili. Walikuwapo wa Tanga, Bagamoyo na Unguja, waliozaliwa ndani ya Kiswahili. Na walikuwapo wengi zaidi, Wasukuma, Wagogo, Wahehe, Wamasai, waliokipata ukubwani juu ya lugha za kwao. Hawa wa pili wengi wao hawakuwahi kukalia dawati la somo la Kiswahili, lakini walikitumia kununua, kubishana, kutongoza na kuhutubia. Leo watu hao wanapungua, na kadiri wanavyopungua ndivyo ninavyoona kwamba hatukuwahi kuwauliza swali la maana: walijifunzaje? Naamini jibu lao lingetufaa mno, kwa kuwa tangu wakati huo tumewaweka watoto darasani miaka na miaka kusoma Kiingereza, na wengi wametoka bila kukimudu.

Ukifuatilia njia kilizopitia Kiswahili kwenda bara, kila mahali unakikuta kimefungamana na kazi. Manamba walioletwa kukata mkonge Tanga walitoka Kigoma, Songea na hata Msumbiji; shambani hapakuwa na lugha nyingine ya kuelewana na mwenzako aliye mstari wa pili. Ndivyo ilivyokuwa jeshini, relini na sokoni. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, mkutano wa hadhara ukawa na mvuto wa aina yake: mtu alitaka kujua kinachosemwa kuhusu ardhi yake na kodi yake. Likafuata Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, kisha mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi. Lakini mfano ninaouthamini kuliko yote ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza redio, wakajadili walichosikia, wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka kandokando ya nyumba. Kwa ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado chepesi, neno lililompita redioni alilikuta tena kwenye mazungumzo, na mara ya tatu likawa na jembe mkononi. Sijui somo la lugha lililo bora kuliko hilo, ingawa halikuitwa somo la lugha.

Jambo jingine ni kwamba watu hawa waliachiwa wakosee. Mkurya aliyechanganya r na l, au mtu aliyesema “kitabu yangu”, alisahihishwa pengine, alichekwa pengine, lakini shauri lake lilisikilizwa barazani na bidhaa yake ilinunuliwa. Mwaka uleule wa 1967, mwanaisimu Pit Corder wa Edinburgh alichapisha makala akisema kosa la mwanafunzi ni ushahidi wa kanuni anazojijengea hatua kwa hatua. “Kitabu yangu” ni kanuni: msemaji amechagua kiambishi kimoja kimtoshe kila mahali, mpaka masikio yatakapompa vingine.

Kuna watakaosema hapa hapana ajabu, kwani Kiswahili ni Kibantu na Msukuma alikuwa nusu safari kabla hajaanza. Ni kweli kwamba ngeli hazikumshtua. Lakini Wamasai, Wairaqw na Wajaluo wa Mara si Wabantu, na wamekipata. Tena kuna Uganda: Kiganda ni ndugu wa Kiswahili, Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na bado Waganda wengi hawakukipokea. Walikuwa wakikisikia kwa askari, na askari hakuwa mtu wa kutamani kuzungumza naye. Undugu wa lugha hurahisisha njia. Haumpi mtu sababu ya kuipita.

Pingamizi zito zaidi linahusu Kiingereza: kwamba tatizo ni walimu hafifu na kuchelewa kuanza, basi tuongeze miaka. Walimu bora wanahitajika, sibishi. Ila Tume ya Makweta ilikwisha kushauri mwaka 1982 kwamba sekondari ifundishwe kwa Kiswahili, na mwaka 1984 uchunguzi wa Criper na Dodd ulionyesha kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi hakikuweza kubeba masomo mengine. Kiingereza kikaendelea kuwa lugha ya kufundishia, na hadi leo mwalimu wa baiolojia anaeleza kwa Kiswahili na kuandika ubaoni kwa Kiingereza. Mtoto ananakili. Hajadiliani na mtu kwa lugha ile, hafanyi nayo kazi, na akikosea anapoteza alama na ujasiri kwa pamoja. Kumwongezea miaka ya kunakili ni kumwongezea kunakili.

Wakati huohuo Kiswahili chenyewe kimehama. Mjukuu wa yule manamba, aliyezaliwa Dar es Salaam, hana lugha nyingine ya nyumbani. Kilichokuwa lugha ya pili ya babu ni lugha yake ya kwanza. Likizo akienda kijijini, sasa bibi ndiye anayetafuta maneno.